Trauti jioni ya mvua: mto, ziwa au bwawa, na nzi yupi wa kufunga

Vitabu vingi vya kuvua trauti kwa nzi bandia (ndoano iliyofungwa ili imwige mdudu) viliandikwa kwa ajili ya mito ya Uskoti, Uingereza na Marekani, ambako jioni ya kiangazi hujivuta hata kwa muda wa saa mbili kabla giza halijaingia. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, Ikweta haina subira hiyo. Jua huzama kati ya saa 12:20 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na dakika ishirini hivi baadaye huoni tena tundu la ndoano. Ongeza wingu zito na kivuli cha msitu, na nusu saa nyingine imekwenda. Klabu inayopanga matembezi ya jioni huku inapanga kazi ya saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu, basi.

Hali mbaya ya hewa nayo ina sura nyingi. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huupaka mto rangi ya matofali. Gathano, ile baridi ya Juni hadi Agosti, huleta ukungu na manyunyu ya kutwa ambayo hayachafui maji sana. Mvua fupi za Oktoba hadi Desemba hupenda kuja alasiri na radi zake. Anayesema tu kwamba "hewa ni mbaya" hajatoa habari ya kutosha kuchagua pa kwenda. Maswali ni mawili: maji yana rangi gani, na umebakiwa na mwanga wa dakika ngapi?

Kwa kundi la kawaida, watu sita hadi kumi wenye uzoefu mchanganyiko, chaguo letu la kwanza ni mto ulio ndani ya msitu, kila mtu na nzi mmoja wa kuzama. Ziwa la mlimani ni la wanaolala huko huko. Bwawa ni la siku ambayo mto umeharibika, na la wanafunzi. Sababu ni hizi.

Mto wa msituni

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Trauti wa kahawia waliletwa na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, wakapandwa katika mto Gura huko Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Historia hii ina kazi jioni. Trauti wa kahawia hukaa mchana kutwa chini ya mizizi na kingo zilizolika, kisha hutoka mwanga unapofifia. Jioni yenye wingu humtoa mapema. Yule wa upinde wa mvua hupenda maji ya wazi yenye kasi na hula saa yoyote, mradi maji yawe baridi na yenye hewa. Ujue mto wako una nani. Ukimtafuta wa kahawia katikati ya mkondo saa tisa mchana unajichosha bure.

Upande wa magharibi wa Mlima Kenya kuna Thego, Naro Moru na Burguret. Yote hushuka kutoka mlimani, hupita msituni, kisha huingia mashambani. Mstari huo wa msitu na shamba ndio unaoamua matembezi yako. Mvua ikinyesha shambani, udongo mwekundu huingia mtoni moja kwa moja, na mara nyingi maji hubaki mazito hadi kesho yake au keshokutwa. Juu ya mstari huo mizizi na majani yaliyooza huushika udongo, na maji ya mvua huja na rangi ya chai isiyo na maziwa. Trauti huona vizuri kwenye chai. Kwenye uji mwekundu haoni. Kwa hiyo mvua ikiwa imenyesha usiku wa jana, panda kilomita mbili tatu zaidi ya mahali mlipozoea kuvua, hata kama njia ni ya utelezi.

Kipimo cha rangi hakihitaji chombo. Ingia hadi magotini, mahali penye maji tulivu karibu na ukingo, utazame ncha za viatu vyako.

| Unachoona | Maana yake | Fanya nini |
|---|---|---|
| Ncha za viatu zaonekana, maji magotini | Mto mzima | Nzi wa kuzama. Nzi mkavu (anayeelea) mvua ikikatika |
| Mwisho wa kuona ni katikati ya muundi, sentimita 25 hadi 30 | Umechafuka, unavulika | Strima nyeusi (nzi mkubwa anayemwiga samaki mdogo), kando ya kingo |
| Kiganja chapotea kwenye sentimita 10 | Hauvuliki leo | Nendeni bwawani au nyumbani |

Wengi hukosea kwenye safu ile ya katikati. Hushikilia nzi yule yule mdogo waliyemtumia wiki iliyopita maji yakiwa angavu, kisha husema samaki hawali. Samaki wanakula, ila nzi amepita nusu mita kutoka puani mwao na hawakumwona. Maji yakichafuka, trauti huhama kutoka katikati na kujibana kwenye maji mapole: nyuma ya jiwe kubwa, chini ya gogo, kwenye kipande cha ukingo upana wa mita moja ambako mkondo hauna nguvu. Rushia hapo. Katikati achia mto.

Ubaya mkubwa wa mto jioni ya mvua ni kwamba unaweza kujaa wakati mlipo hakuna tone. Mvua inanyesha mlimani, ninyi mko chini mnatazama jua. Dalili huja kwa mpangilio unaojirudia: kwanza majani makavu na vijiti vinaelea vingi ghafla, kisha maji hubadilika rangi, kisha sauti ya mto hushuka na kuwa nzito, na mwisho jiwe ulilolitumia kama alama linazama. Ukiona majani tu, toka. Usingoje jiwe. Kila anayeingia majini achague jiwe lake la alama kabla ya kurusha mara ya kwanza, na alichague upande ule gari lilipo. Aliyevuka ng'ambo maji yakiwa ya magoti anaweza kulala ng'ambo.

Ziwa la mlimani

Maziwa ya Rutundu na Alice, kaskazini mashariki mwa mlima, yako juu ya mita 3,000, na yana trauti wa upinde wa mvua. (Rutundu ndiko Prince William alikomchumbia Kate Middleton mwaka 2010. Kate aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba samaki hawakupatikana.) Faida ya ziwa ni wazi: mvua hailichafui kama mto, na halijai ghafla likakuchukua. Kama wiki nzima imenyesha na mito yote ni myekundu, ziwa bado linavulika.

Lakini ziwa lina upepo na ukungu, na hivi viwili humwonea mgeni kuliko mvua. Tuanze na upepo. Anayerusha kwa mkono wa kulia akipigwa na upepo kutoka kulia, kila mrusho unamletea ndoano usoni. Asimame mahali ambapo upepo unatoka kushoto kwake, au aurushe mshipi juu ya bega la kushoto. Wajuzi wenyewe hupenda ukingo unaopigwa na upepo, kwa sababu wadudu walioanguka majini husukumwa huko na trauti huwafuata hadi mita tatu nne kutoka nchi kavu. Kurusha dhidi ya upepo hata mita kumi kunatosha hapo, ila fupisha lida (uzi mwembamba kati ya mshipi na nzi) hadi mita 2 na utumie nzi mmoja mzito kidogo. Lida ya mita 3.5 dhidi ya upepo itarudi miguuni mwako kama tambi.

Ziwani mshipi unaozama polepole huushinda ule unaoelea. Unaoelea husukumwa na mawimbi, hufanya upinde mkubwa, na samaki akigusa huhisi chochote. Unaozama polepole huenda chini sentimita 3 hadi 4 kwa sekunde. Hesabu hadi 20 na nzi atakuwa kwenye kina cha sentimita 70 hivi, chini ya vurugu. Anza kuvuta hapo. Usipoguswa, mrusho unaofuata hesabu hadi 30, halafu 40. Ukiguswa, kumbuka hesabu hiyo na umwambie jirani yako.

Ukungu hauharibu uvuvi. Unachopoteza ni watu. Kando ya ziwa la mlimani nyasi za matuta zinafanana kila upande, na ukungu wa saa kumi na moja unaweza kufuta kibanda kilicho mita hamsini. Kila mtu awe na filimbi: mlio mmoja "niko hapa", mitatu "nina shida". Anayetaka kurudi afuate ukingo wa maji tu, hata kama njia ya mkato anaijua.

Halafu kuna umbali. Kutoka Nairobi hadi huko ni siku nzima, sehemu ya mwisho kwa gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne, na aliyeamka kwenye mita 1,700 akalala juu ya 3,000 hujikuta na kichwa kinachogonga usiku. Ziwa halifai kwa matembezi ya jioni moja. Kama klabu haina usiku mbili, lifutwe kwenye orodha.

Bwawa

Wavuvi wa mto hulidharau bwawa, na wana hoja: samaki wamepandwa, wamezoea chakula cha kutupiwa, na hakuna mkondo wa kusoma. Kituo cha serikali cha kuzalisha trauti kilichoko Kiganjo, karibu na Nyeri, ni sehemu ya historia hiyo ya kupanda samaki. Lakini jioni ya mvua kubwa bwawa lina mambo matatu ambayo mto hauna: ukingo uliofyekwa ambako mwanafunzi anaweza kurusha bila kunasa mti, paa la kujikinga mara nyingi, na gari lililo karibu.

Mvua ikinyesha bwawani, nenda kwanza pale mfereji unapoingia. Maji mapya ni baridi na yamebeba hewa, na trauti hukusanyika. Kama maji yanayoingia ni mekundu, utaona mstari ambapo uchafu unakutana na maji safi. Vua upande safi wa mstari huo, nusu mita tu kutoka mpakani. Zaidi ya hapo bwawa halina siri nyingi.

Nzi wa kuzama, nzi mkavu, strima

Maneno kwanza. Nzi mkavu huelea juu na kumwiga mdudu aliyeanguka au aliyetoka majini. Nzi wa kuzama, hasa nimfu, humwiga mdudu akiwa bado chini. Strima ni kubwa, ina mkia, na humwiga samaki mdogo au kiluwiluwi.

*Nimfu* ndiye wa kutegemea. Funga Pheasant Tail au Hare's Ear, ndoano namba 12 au 14, yenye shanga ya tangsteni ya milimita 3 kichwani. Lida mita 2.7, uzi wa ncha (kipande cha mwisho cha lida) wa milimita 0.18. Juu ya lida funga chelezo kidogo cha sufu ya rangi ya chungwa au njano, umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji: maji ya sentimita 60, chelezo kwenye sentimita 90. Rusha kuelekea maji yanakotoka, inua fimbo mshipi usilale kwenye mkondo, na kiache chelezo kisafiri kwa mwendo wa povu lililo kando yake. Kikienda haraka kuliko povu, mshipi unamburuta nzi, na trauti hali kitu kinachoburutwa. Kikisimama, kikizama au kikisogea upande, inua fimbo mara moja. Nusu ya mara itakuwa ni jiwe. Inua tu.

Nzi asipogusa chini hata mara moja katika mirusho mitano, yuko juu mno. Bana chubwi ndogo sentimita 20 juu yake, ujaribu tena. Akinasa kila mrusho, shusha chelezo sentimita 15.

Wapo wanaofunga nimfu wawili ili kupima kina viwili kwa pamoja. Mchana wa jua ni sawa. Jioni ya mvua tunakataa, kwa sababu moja: fundo. Nzi wawili wakijisokota saa kumi na mbili kasoro, kwa vidole vilivyokufa ganzi na miwani yenye matone, utakata uzi wote na kufunga upya, na robo saa ya mwanga imekwisha. Nzi mmoja hajisokoti hivyo.

*Nzi mkavu* ndiye kila mtu anayemtamani, na mvua ndiyo adui yake. Mvua nzito humzamisha na kuvunja uso wa maji hata samaki asimwone. Manyunyu mepesi ni hadithi nyingine: wadudu wanaotoka majini hulowa mabawa, hukawia kuruka, na trauti huwaokota taratibu. Ukiona viduara vidogo vinavyojirudia mahali pamoja, wala si matone yanayotapakaa kila mahali, huyo ni samaki. Badilisha nzi.

Tumia Adams au Elk Hair Caddis namba 14, uzi wa ncha milimita 0.15. Chagua nzi mwenye kishungi cheupe mgongoni. Yule wa kahawia mtupu utampoteza kwenye maji ya chai. Mafuta ya kuelesha yapakwe nyumbani, nzi akiwa mkavu kabisa, na yapewe usiku mmoja. Kosa la kila siku ni kumpaka nzi aliyekwisha lowa: mafuta hufungia maji ndani, naye huzama haraka zaidi. Aliyelowa mkaushe kwanza kwa kitambaa, mbane, mpulize, kisha unga wa kukaushia, ndipo mrudishe kazini. Akishavua samaki, suuza ute kabla ya yote hayo. Kwa ufupi, beba nzi wanne wa aina moja, ubadilishe badala ya kukausha. Mfuko wa ndani wa koti hukausha wenyewe.

Mwanga ukiisha, simama mahali ambapo anga ya magharibi inaakisi majini, uwe unamtazama nzi kama doa jeusi juu ya kipande cha fedha. Hiyo itakuongezea dakika kumi. Baada ya hapo unarushia sauti, na kurushia sauti kwenye mto wenye mawe kunaishia na ndoano mgongoni mwa mwenzako.

*Strima* ni ya maji machafu na ya dakika za giza. Woolly Bugger mweusi namba 8, uzi wa ncha milimita 0.23. Mweusi ndiye anayeonekana zaidi maji yakiwa mazito, kwani samaki humwona kama kivuli dhidi ya mwanga wa juu. Rusha mshazari kuelekea maji yanakokwenda, acha mkondo uzungushe nzi hadi karibu na ukingo, kisha vuta vipande vya sentimita 10 hadi 15. Mwisho wa mzunguko, nzi anaponyooka chini yako, usimwondoe. Hesabu sekunde mbili. Wengi wa trauti wanaofuata strima humeza hapo hapo, anapogeuka.

Kuna mambo mawili huharibika. La kwanza, mvuvi aliyezoea nimfu huinua fimbo kwa nguvu akiguswa, na uzi unakatika au nzi anachomoka. Kwa strima vuta mshipi kwa mkono wa kushoto, fimbo ibaki chini. La pili ni uzito: nzi mwenye shanga akirushwa na upepo wa nyuma hugonga ncha ya fimbo, na siku mbili baadaye ncha inavunjika pasipo sababu inayoonekana. Fungua mrusho uwe mpana na wa taratibu. Kofia na miwani yenye vioo vyeupe si hiari.

Fimbo, na fundo

Kwa mto ulio na vichaka, fimbo ya mita 2.3 yenye mshipi namba 4. Kwa ziwa na upepo, mita 2.7 na namba 6. Kama una moja tu, chukua mita 2.6 namba 5 na usijilaumu. Ndani ya msitu hakuna nafasi ya kurusha nyuma, hivyo jifunze ule mrusho wa kuviringisha: fimbo inarudishwa polepole hadi mshipi unaning'inia kando ya sikio, kisha inasukumwa mbele na kusimama ghafla. Mita nane zinatosha.

Fundo lizungushwe mara tano, mara nne kwa uzi mnene, na liloweshwe kwa mate kabla ya kukazwa hata kama mvua inanyesha. Uzi mkavu ukikazwa huungua kwa msuguano, sehemu ya nguvu yake inapotea, na samaki mkubwa ndiye anayekupa taarifa. Fungeni nzi wote watatu kwenye vipande vya lida nyumbani, mvizungushe kwenye kigae cha sifongo. Kubadilisha mtoni kuwe ni kuunganisha kitanzi kwa kitanzi.

Suruali ya majini au gambuti?

Suruali ndefu ya kuingilia majini inayofika kifuani hukukinga na mvua pia, na mtoni jioni ya baridi inastahili bei yake. Lakini lazima mkanda wa kiunoni ufungwe kwa kubana. Bila mkanda ukianguka inajaa maji kutoka juu na kukufanya mzito. Gambuti zinatosha bwawani na kwa yule ambaye hataingia zaidi ya kifundo. Mtoni ni mtego: maji yakivuka mdomo wake kila hatua inabeba lita kadhaa, na soli yake huteleza kwenye mawe yenye ukuvu.

Ndani vaa sufu au nyuzi za kitambaa cha michezo. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa hunyonya joto la mwili, na kwenye mita 2,500, upepo ukivuma saa moja usiku, mtu huanza kutetemeka kabla hajafika garini. Anayeacha kutetemeka huku bado amelowa, akaanza kuongea ovyo na kudondosha vitu, yuko hatarini kuliko anayetetemeka. Mvueni nguo zilizolowa, mkaushe, mpeni chai yenye sukari akiweza kumeza mwenyewe, mumweke kati ya watu wawili garini.

Kinachofuta safari

Mvua pekee haifuti. Radi inafuta. Fimbo za kisasa ni za kaboni na zinapitisha umeme, nawe umesimama majini ukiwa umeishika wima. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa ni sekunde 30 au pungufu, fimbo chini, toka majini, ingia garini au kwenye jengo, si chini ya mti ulio peke yake. Rudini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Jioni yenye urefu wa saa mbili na nusu, ngurumo mbili tu zinaweza kuwa zimeimaliza. Ndiyo maana msimu wa mvua fupi tunapendekeza bwawa lenye paa: mnaweza kukaa na kurudi. Mtoni mkitoka mmetoka.

La pili ni wanyama. Tembo na nyati wa msituni hushukia mtoni jioni, na mvumo wa maji huficha hatua zao na zenu pia. Kundi litembee na askari wa wanyamapori, kwa pamoja, likiongea. Anayebaki nyuma ili arushe mara moja ya mwisho ndiye anayekutana na nyati kwenye kona. Leseni ya kuvua na ada ya kuingia hifadhini zilipwe kabla ya siku, na saa ya kufungwa lango iulizwe kabla ya kupanga lolote. Ndani ya hifadhi lango likifungwa mapema, jioni inakuwa ya waliopiga kambi peke yao.

Saa kwa saa

Saa 9:30 wote wawe mtoni, na mtu mmoja ameshatazama rangi ya maji tokea darajani. Kama ni ule mstari wa tatu wa jedwali, uamuzi wa kwenda bwawani utolewe hapo hapo, kabla hakuna aliyevaa. Kundi likishavaa, haliondoki tena.

Saa 10 hadi 11:30 ni nimfu, wawili wawili, aliye na uzoefu na mwanafunzi. Saa 11:30 mvua ikikatika, tazameni viduara kwenye maji tulivu na mfunge mkavu; isipokatika, endeleeni na nimfu au strima na msisikitike. Saa 12 kamili hakuna anayeingia zaidi ya magoti, na hakuna kuvuka. Samaki wa kuachiwa ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa, ndoano iwe imebanwa kijino chake kwa koleo tangu nyumbani, na arudishwe akiwa ameelekezwa kwenye mkondo hadi apige mkia mwenyewe.

Saa 12:30 fimbo zitenganishwe, vipande vyake vikiwa bado vinaonekana. Mkoba ukae na taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, kwani mweupe hukupofusha dakika kadhaa kila unapoiwasha. Nyumbani usiku huo huo, kabla ya kulala, futa fimbo, tandaza mshipi wote nje ya rili (gurudumu la kuuzungushia), na fungua kisanduku cha nzi kikauke. Kisanduku kilichofungwa na unyevu hutoa kutu kwenye ndoano kufikia Jumapili.